Mitungi Upande wa Jabali

Jumamosi, tarehe 17 Januari 1970. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na mawingu yamekalia jabali kama hayana pa kwenda. Uwa mzima tope. Siku za namna hii nlikuwa siendi kazini, kwa sababu mwanamke hatoi neno lake kwa utulivu na huku nguo zake zinaroa kambani. Leo siendi kwa sababu nyengine. Kazi yenyewe nimeiacha.

Asya, anaeishika kazi baada yangu, kaja asubuhi, kajifunika gunia kichwani, kuchukua kikapu. Nimempa na mfuko wa buni za kahawa na mfuko wa kokwa za tende. Kaviangalia, halafu kaniambia, "Bibi, vitu nnavyo, lakini kazi sijaijua. Niandikie." Nikamwambia mimi si mwandishi. Msahafu nimehitimu, na skuli nlikaa mpaka darasa la nne, basi. Kasema, "Andika kama unavosema." Haya, naandika kama nnavosema. Likiwa refu lawama zake ni kwa Asya.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nimetafuta jina zuri zaidi la kuipa, sikulipata.

Tulifika Maskati mwaka wa 1964, mimi na mume wangu Seif na mwanetu na mama yake Seif, tukitokea Unguja. Yaliyotuleta siyaandiki, kila nyumba ina yake. Tukapata vyumba viwili katika mtaa ulio nje ya ukuta wa mji, njia ya kwendea Sidab. Mkubwa wa mtaa ule wenyeji walimwita rashidi, sisi tukamwita sheha kama kwetu, na jina la sheha likamganda. Alikuwa Mbarak, mfua shaba. Alinyoosha vyombo vilivyobonyea akavitia bati, mlango wa karakana yake ukitazama msikiti.

Sheha Mbarak hakuwekwa na liwali. Wala hakuwa mtu wa moja katika makabila mawili makubwa ya mtaa, ambayo kila moja lilimtaka awe wake. Aliwajibu kwamba yeye hutia bati sufuria ya mtu yeyote, lakini haingii ndani ya sufuria ya mtu. Kila mwaka baada ya sikukuu kubwa alikaa mlangoni kwake akawauliza watu kama bado wanamtaka. Wengine waliona ni maskhara. Yeye aliuliza kwa dhati, na mwaka mmoja, nasema haki, waliomtaka walizidi kidogo tu.

Imani yake ilikuwa moja. Jambo linalowagusa watu wote haliamuliwi na wazee watano wanaokunywa kahawa, hata wakiwa wazee wazuri. Waulizwe wote. Na wote kwake yeye maana yake wote, hata waliokuwa ndani ya nyumba.

Hapo ndipo nlipoingia mimi. Alikuja kwetu jioni, akakaa na Seif, akasema anatafuta mwanamke wa kwenda nyumba kwa nyumba kuchukua maneno ya wanawake.

Seif akamwambia, "Sheha, mke wangu hana jamaa hapa. Hamjui mtu, na Kiarabu chake kinachekwa sokoni."

"Ndio nnaemtaka," akasema Sheha. "Mwenye jamaa ataambiwa kawapendelea. Huyu atampendelea nani?"

Mimi nlikuwa nyuma ya pazia, nikaona hiyo si sifa. Mtu anatakiwa kwa kuwa hana watu. Lakini nlikwenda, na mpaka leo sijui kama nlikubali kwa kuipenda kazi au kwa kuchoka kukaa ndani.

Siku ya kwanza nliharibu. Jambo lilikuwa mbuzi, wafungwe wakati wa kiangazi au waachwe. Nikabisha nyumba ya mwanzo, mwenyewe akafungua, nikamuuliza pale pale mlangoni, mbuzi wafungwe au wasifungwe. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akafunga mlango. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikakaribishwa, nikaulizwa khabari, nikajibu khabari zote za kweli, mpaka maumivu ya jino langu. Wakacheka hata wakasahau mbuzi.

Alieniokoa ni Bi Moza, mkunga. Hakukuwa na mlango mtaa ule asiopata kuuingia, na nusu ya watu walioufungua aliwapokea yeye duniani. Akanikalisha.

"Mwanangu, hapa mtu akikuuliza khabari, humwambii khabari. Unamwambia hakuna ila kheri. Unamuuliza na yeye, nae hana ila kheri. Halafu kahawa. Unakunywa, unatikisa kikombe kuwa basi. Sasa ndio uliza ulilojia."

"Na nikiwa na nyumba nyingi?"

"Utakunywa kahawa nyingi."

Jengine alilonifundisha zito zaidi. Alinifanya nimuulize yeye lile suali la mbuzi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema, "Unataka wafungwe." Nikaapa sijasema. "Hujasema. Nyusi zako zimesema." Basi kila siku kabla ya kutoka nlikuwa nalisema suali mbele ya kioo mpaka nyusi zinyamaze. Asya, nawe fanya hivyo. Mimi sijapata kuwa na yakini kwamba zimenyamaza kabisa.

Vyombo ni hivi. Kikapu cha ukili chenye kifuniko cha kitambaa, katikati tobo la kupitisha mkono. Kila mwanamke humpa buni moja na kokwa moja ya tende. Buni ni ndio, kokwa ni hapana. Anatia mkono na vyote viwili, anaacha kimoja kikapuni, kilichobaki anakirejesha mfukoni mwangu bila ya mimi kutazama. Kokwa nlizikosha nikazianika juani mpaka zikawa kavu kama changarawe. Siku ya kumimina tulimimina mbele ya watu, katika sinia la Sheha, na maneno ya wanaume yakichanganywa humo humo na yetu. Mbuzi walifungwa. Kazi ikaendelea, mambo ya takataka, ya njia, ya nani awe muadhini wa akiba. Hayakuwa makubwa. Ila nliona wanawake walioninunia mwanzo sasa wananiuliza mimi, "Safari hii tunaulizwa nini?"

Halafu kikaja kisima.

Mtaa mzima ulikunywa kisima kimoja, chini ya jabali. Ule mwaka wa tatu wetu hapa joto lilikaa hata mawe ya ukuta ukiyagusa magharibi yanaunguza, na maji yakashuka. Waliowahi alfajiri walipata maji matamu. Waliofika jua limepanda walivuta maji ya chumvi na mchanga. Mama yake Seif alikuwa mgonjwa wa tumbo, na maji ya chumvi hakuweza. Nlikuwa natoka giza halijaisha ili nimpatie mtungi mmoja wa maji ya kunyweka.

Hilal, mfanyabiashara wa tende, nyumba yake ikipakana na kisima, akaja barazani na shauri. Atakichimba yeye mpaka mwambani, kwa watu wake. Kwa sharti kwamba atajenga ukuta kukizunguka na kutia mlango wenye kufuli, ufunguo ukae kwake, na wenyeji wateke mwanzo, wageni baadae. Wageni ndio sisi.

Lazima niseme kwa upande wa Hilal kwamba hakuwa mtu mbaya. Mbuzi walikuwa wakiangukia mle ndani, watoto wakitupa mawe, na alieingia kuvitoa kila mara alikuwa mtu wake. Alisema kitu cha kila mtu hakina wa kukifagia, na katika hilo sikuweza kumkatalia. Wazee wa baraza walikuwa tayari kusema amin.

Sheha akasema, "Kisima si changu wala si chenu. Tuwaulize wanaoteka."

"Wanaoteka ni wanawake," akasema mzee mmoja.

"Basi nimesikia vizuri."

"Na nyumba kubwa wanateka watumishi. Utawauliza watumishi?"

"Anaebeba mtungi ndie mwenye neno la mtungi."

Suali likawa, Hilal apewe mlango, ndio au hapana. Asubuhi ile nlisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko siku zote. Mlango ukitiwa, mama yake Seif atakunywa chumvi. Nyusi zangu zingenyamaza vipi? Nikamwendea Sheha nikamwambia amtafute mwengine. Akasema, "Asiejali ni yupi? Nenda, uliza taratibu." Nikenda, nikauliza huku natazama mkeka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Hilal mwenyewe. Nlikuta wageni wamejaa, harusi ya jamaa zao imekaribia, na masinia ya tende yanapita. Wa nyumbani wakatia maneno yao kikapuni, sawa sawa. Kisha nikaambiwa mama yake Hilal, Bi Ghaliya, yumo chumba cha ndani, hajisikii vizuri, na ananiulizia. Bi Moza alinifundisha kikapu kiende niendako. Lakini kumwamkia mtu mzima alielala nawe umeshika kikapu ni kama umekuja kuomba. Nikakiweka chini, nikaingia. Nlipotoka wageni walikuwa wananawa. Nikachukua kikapu, nikaaga.

Karakanani tukamimina. Sheha alikuwepo, wazee wawili, na Hilal amesimama mlangoni, mikono nyuma. Kokwa zikawa nyingi kuliko buni. Mzee mmoja akasema alhamdulillah, shauri limekwisha, hapana mlango. Na mimi moyo wangu ukaruka, sifichi.

Ndipo nlipoona sisimizi. Walikuwa wakipanda sinia kwa safu moja, wakizipita kokwa hizi, wakizizunguka zile. Nikashika moja ya walizozizunguka. Ikaninata kidoleni.

Nyinyi mnajua kokwa hapa hazitupwi. Kila nyumba huweka kikapu kidogo karibu na sinia la tende, wageni watie kokwa zao, zichemshiwe mbuzi. Mgeni mwenye adabu haachi kokwa sinia la watu. Wale wageni wa harusi walikuwa na adabu sana, na kikapu kilichokuwa karibu yao ni changu.

"Sheha," nikasema, "hizi zimeliwa leo."

"Zipi?"

"Zenye sisimizi."

Halafu Hilal akacheka, akacheka hasa mpaka akashika mlango. "Sheha Mbarak, wapiga kura wako sasa wana miguu sita?"

Mzee alieshukuru akanisogelea. "Bibi, zitoe hizo zinazonata, tuhesabu zilizobaki."

Tukazitoa. Zilizobaki zikakaribiana na buni hata wazee hawakukubaliana, maana nyengine zilikuwa nusu kavu, kila mmoja akiziona anavotaka. Sheha akaweka mkono juu ya sinia.

"Tukiendelea kuchagua ipi ni kokwa na ipi si kokwa, tutakuwa tumeamua sisi. Limeharibika. Tutauliza upya."

"Na ukishauliza upya ukashindwa?" Hilal akauliza.

"Utajenga mlango, na mimi ntakufulia bawaba."

Hilal akaacha kucheka. Akaniambia mimi, bila ya kebehi, "Ungenyamaza, bibi." Njia nzima ya kurudi nyumbani nliwaza maneno hayo hayo, na mtungi wa mama yake Seif ulikuwa mlangoni, mtupu.

Kuuliza upya ilikuwa tabu, kwa sababu sasa buni na kokwa zote zilichekwa. Watoto walinifuata wakiniita mama sisimizi. Alietoa njia ni Bi Moza.

"Wanawake wote si huja kisimani? Waje siku moja, kila mmoja na mtungi wake. Anaetaka mlango aweke mtungi upande wa ukuta wa nyumba ya Hilal. Asietaka, upande wa jabali. Mtu hasemi kitu. Mtungi hauna sisimizi."

"Lakini wataonana," nikasema. "Kila mtu ataujua mtungi wa mwenziwe."

"Wao wanaoteka pamoja kila siku? Washajuana. Wasiotakiwa kujua ni wanaume."

Sheha alikubali haraka, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote nliyoyaona katika kazi. Alisema yeye hatofika kisimani wala karibu yake. Vyombo vya shaba vya mtaa mzima vimepita mikononi mwake. Mtungi anautambua kwa shingo yake, kwa kiraka chake. Akitazama safu ile atajua nani kasema nini, na sheha akijua hilo hawezi tena kulisahau. Basi atakaa karakanani, mlango umefungwa, na atagonga shaba mfululizo, mtaa mzima usikie kwamba yuko ndani. Wazee na Hilal wakae msikitini mpaka mitungi ipangwe. Akaniambia nisimamie mimi na Bi Moza, na nisimwambie nani, nimwambie upande tu.

Siku hiyo wanawake walishuka mapema. Nyundo ya Sheha ilikuwa inasikika, ko, ko, ko, kama mtu anaehesabu. Wa mwanzo watatu waliweka upande wa ukuta, na hawakujificha. Walikuwa majirani wa Hilal, na mtoto wa mmoja wao alipata kutumbukia kisimani. Nikawaona wana haki yao. Akaja mtumishi wa nyumba kubwa na debe, akasimama katikati, akatazama nyuma. Hakuna aliemwambia neno. Akaliweka upande wa jabali. Baada ya hapo wakaja kwa makundi, mitungi ya udongo, ya shaba, madebe ya mafuta yaliyotiwa vishikio vya mti, na safu ya jabali ikarefuka, ikapita mwamba mkubwa, ikazunguka kona. Sio wageni peke yetu. Wageni tulikuwa wachache. Ilikuwa wenyeji, waliotakiwa wateke mwanzo, wanakataa kutangulizwa.

Wa mwisho alitoka nyumba ya Hilal. Bi Ghaliya, ambae hakuonekana kisimani tangu mwanawe atajirike, kajitanda buibui lake, mtungi mkubwa wa shaba kiunoni, kijakazi akimshika mkono wa pili. Kila mtu aliujua mtungi ule, una kibonyeo shingoni kama kidevu. Alipumzika mara mbili. Upande wa ukuta ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Akaupita. Akaja mpaka jabalini akautua karibu na wangu.

Wazee wakaitwa. Hilal akaja mbele yao, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kile kidevu.

"Mama," akasema. "Hata wewe?"

"Ufunguo atakuwa nao nani?"

"Mimi, mama."

"Ukenda sokoni Matrah nao mfukoni, mimi nikiwa na kiu nifanye nini? Nikuote?"

Wanawake walivuta mitandio midomoni. Hilal, namshuhudilia, akainama akaunyanyua mtungi wa mama yake, akautekea maji mwenyewe, mbele ya watu wote, akaubeba mpaka nyumbani.

Mimi nikenda karakanani. Njia ile fupi nliitembea kama nabeba kitu kinachomwagika. Nikabisha. Nyundo ikanyamaza.

"Haya," Sheha akasema kutoka ndani, bila ya kufungua.

"Upande wa jabali, Sheha. Mpaka kona."

Kisha akauliza, "Na upande wa ukuta, ilikuwepo mitungi?"

"Ilikuwepo."

"Wasichekwe. Kawaambie kuanguka kwa watoto nako tutakupatia dawa."

Ndipo akafungua mlango, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi. Moto haukuwashwa siku ile.

Kisima kilichimbwa na wanaume wa mtaa kwa zamu, Seif mmoja wao, na Hilal akatoa kamba na punda wake bila ya kuombwa. Walipofika mwambani maji yalitoka ya baridi, matamu. Wanaume walipiga takbira kule chini na sisi juu tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mtungi wa kwanza Sheha aliupeleka kwa mama yake Seif. Aliunywa akasema, "Haya ndio maji."

Kisha Hilal akaleta shauri la kifuniko cha mbao, bila kufuli, na zamu ya kufagia. Tukauliza, kwa mitungi. Alishinda yeye, karibu safu nzima. Alisimama pale anaitazama kama mtu aliejaaliwa mtoto. Tangu hapo kikapu hakikurudi ila kwa mambo madogo, na kokwa nlizipiga rangi.

Sijui kama nlifanya vizuri kila siku. Nafikiri zipo nyumba nliziuliza nimechoka, na nyusi zikasema. Lakini mama yake Seif kafariki mwaka jana, na mpaka siku yake ya mwisho hakunywa tena maji ya chumvi. Miguu yangu sasa haitaki vipandio. Sheha aliuliza mtaa nani ashike baada yangu, mitungi ikamtaja Asya, mkwe wa Hilal, na Hilal ndie alienunua kitambaa kipya cha kifuniko. Nimekishika. Tobo dogo kidogo, Asya, lipanue, kuna wenye mikono minene.

Jioni mvua imekatika. Mke wa mwanangu kauliza nyumba nzima ipikwe nini, maana ndio ada kwetu sasa, hata watoto wanasema. Mimi nlitaka mchuzi wa nguru aliotuletea jirani kutoka Sidab. Nikashindwa. Tumekula wali na dengu, maji ya kupikia yametoka kisimani asubuhi, na ulikuwa mtamu, nakiri.